Zamu ya Caren Kupanda

Sanduku la Caren lilikaa wazi juu ya kitanda siku nyingi mpaka kuku akataga ndani yake, juu ya sweta. Sifanyi mzaha. Yai tulilikaanga tukala mimi na yeye, sweta akaifua, na sanduku likabaki wazi vilevile. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kufunga mizigo ya kwenda kusoma ng'ambo mwaka mmoja ni kazi ya kukunja nguo tu, mwambie apitie kwetu Lambwe kwanza.

Mimi ni Terry, mzaliwa wa Rongo. Nimeolewa na Elvis, mtoto wa pili wa boma hili. Caren ameolewa na Oliver, mtoto wa kwanza. Baba yao alishafariki, kwa hivyo mwenye boma ni mama yao, Mama Kezia, na sisi wote tunakaa ndani ya ua wake: nyumba yake juu, ya Caren kulia, yangu kushoto. Wake wa ndugu huku kwetu huitana nyieka, yaani mke mwenza, ingawa kila mmoja ana bwana wake na hatugombanii chochote isipokuwa kuni kavu.

Caren ni Mkuria wa Kehancha. Ni afisa wa mifugo, na watu wanamwita Daktari hata akikataa. Kazi yake ni kuchanja ng'ombe, na kutundika ile mitego ya kitambaa cha buluu kando ya ua wa mbuga, maana mbung'o, yule nzi wa malale, anapenda buluu kuliko kitu chochote. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, yeye ndiye anayefunga soko la ng'ombe, na akilifunga limefungwa. Kuna mwaka alilifunga wakati fahali wa bwana yake mwenyewe, mchuuzi wa ng'ombe, walikuwa wameshapakiwa kwenye lori kwenda Isebania. Aliwashusha. Oliver alinuna mpaka wateja wakaanza kumuuliza kama ana msiba. Lakini angelalamika kwa nani? Walijuana hivyohivyo, yeye na ng'ombe wake barabarani, Caren na filimbi mdomoni akimwonyesha mkono asimame. Kiswahili walichotumia kugombana siku hiyo ndicho wanachoongea nyumbani mpaka leo, na sisi wengine tukafuata, Mama akiwemo.

Sasa nieleze jambo ambalo bila hilo hutaelewa kwa nini sanduku lilikosa kufungwa. Kwetu sisi Wajaluo, kupanda kuna foleni. Vuli ya hapa si ya kuaminika, kwa hivyo mahindi tunapanda mara moja, mwezi wa tatu. Mvua ikishalowesha udongo, mwenye boma ndiye anayeanza kutia mbegu. Akishaanza yeye, anafuata mke wa mtoto wa kwanza, halafu wa pili. Katika boma letu basi ni Mama, kisha Caren, kisha mimi. Hakuna kumruka mtu. Ukimruka mwenzako umesema nyumba yake haipo, na wazee wanasema inakuja chira, balaa la mtu kukonda na kufifia bila ugonjwa unaojulikana. Tena chira haimwendei aliyekosa peke yake. Huwa inaanza na watoto.

Mimi ni mtu wa kanisa. Sabato nipo, kwaya nipo. Lakini niulize kama nimewahi kutia punje moja ardhini kabla ya Caren. Nimesimama na jembe langu, mbegu zimefungwa kiunoni, mahindi ya jirani tayari yana majani, nikingoja Caren arudi kutoka semina ya Kisumu. Niliitukana semina hiyo na waliomwalika na chai waliyompa. Lakini nilingoja.

Usidhani Caren alizaliwa na mambo haya. Wakuria wana yao, na haya si yao. Mimi nilikuwa bado sijaolewa, ila kisa chenyewe nimesimuliwa na kila mtu hadi fundi wa baiskeli. Msimu wake wa kwanza hapa, bibi arusi mpya, alitaka watu waone kwamba Mkuria si mvivu. Aliamka alfajiri peke yake akapanda kipande chake chote, mistari imenyooka vizuri, kisha akaja jikoni kwa Mama na udongo magotini, anatabasamu, anangoja kusifiwa. Mama aliketi sakafuni akaanza kulia bila sauti. Oliver akamweleza mkewe alichofanya, akamweleza tena, na yule mwanamke akarudi shambani akafukua punje moja baada ya nyingine akazitia kwenye ungo, nyingine zimeshaanza kuvimba. Kesho yake Mama akapanda, ndipo Caren akapanda zilezile. Tangu hapo sijaona mtu anayeishika foleni hiyo kama yeye. Nadhani ni kwa sababu alimwona Mama akilia.

Basi habari ya masomo ilipofika, ya mwaka mmoja katika chuo kikuu huko Uskoti, kusomea magonjwa ya mifugo yanayoletwa na wadudu, boma lilijaa vigelegele. Mama alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Kanisani tuliombewa sote, hata mimi nisiyekwenda popote. Nyamusi, binti wa Caren, akaanza kuwaambia wenzake shuleni kwamba mama yake anaenda kufundishwa na wazungu jinsi ya kumkamata mbung'o, na akirudi mbung'o watajua hawajui.

Jioni hiyo tulikuwa tunachambua mboga, Mama, Caren na mimi, Mama akauliza tu, bila hata kuinua macho.

"Unaenda mwezi ya tisa?"

"Ndio Mama. Nitarudi ingine mwezi ya tisa."

"Na mwezi ya tatu?"

Caren alikuwa na jani mkononi. Alilishika hivyohivyo.

"Mvua ikinyesha," Mama akasema, "nani atapanda mbele ya Terry?"

Mimi nilijifanya naondoa mdudu kwenye mboga. Kusema kweli nilikuwa sijafikiria, na nilivyofikiria nikachanganyikiwa, na Caren naye nilimwona usoni. Kama hayupo hawezi kupanda. Kama hapandi mimi siwezi kupanda. Kama mimi sipandi, watoto wangu watakula nini mwaka mzima? Na nikipanda, basi ni mimi Terry kwa mikono yangu niliyesema kwamba Caren si mke wa boma hili tena, na Nyamusi, ambaye ndiye angelala kwangu mwaka huo wote, anakohoa kidogo tu watu wananitazama.

Kuanzia hapo kila mtu akawa na dawa yake. Jaduong' Aringo, mzee wa ukoo na ndugu ya marehemu baba mkwe, alisema Caren aache gauni lake, Oliver alishike gauni na kupanda nalo. Kesho yake akakumbuka kwamba gauni ni la mtu aliyekufa, si la mtu aliyesafiri, akasema tusifanye hivyo kabisa. Mchungaji alisema hayo ni mambo ya giza, tumwombe Mungu na tupande. Nilimwuliza kwa heshima, kwake nyumbani nani alitangulia kupanda mwaka huu. Akasema mama yake. Akaangalia saa, akaondoka. Elvis wangu akasema hii ni dunia ya sasa, tupande kwa trekta, trekta haina mke wa kwanza. Mama alimtazama mpaka akatoka nje mwenyewe.

Na shangazi mmoja, simtaji, alininong'oneza kisimani, "Sasa si wewe ndio mkubwa? Hao wakienda huko hawarudi." Nilifurahi kwa kitambo kidogo, halafu nikaogopa, halafu nikamkasirikia shangazi kwa yote mawili.

Kwa Caren ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye amesoma. Angekuwa haamini hata kidogo, angepanda ndege na kutuacha tuzozane. Angekuwa anaamini kabisa, angekataa kwenda. Alikuwa katikati. Asubuhi aliniambia, "Terry, chira haiko kwa kitabu yoyote. Wewe panda, usiningoje." Mchana akaja mbio kutoka kazini, bado amevaa gambuti. "Usipande. Nimemwona Nyamusi ako na joto. Usipande mpaka nikwambie." Nyamusi alikuwa ametoka kuruka kamba juani. Nikamwambia Caren akae chini anywe uji.

Sanduku lilikuwa hivyohivyo, kama kichwa chake. Leo ameweka unga wa ugali, kesho ameutoa akaweka vitabu. Omena, wale dagaa wa ziwani, iliingia, ikatoka, ikaingia ndani ya mifuko mitatu, bado chumba kizima kikanuka ufuo. Aliweka mwiko, akauliza kama Uskoti kuna miiko. Mimi ningejuaje? Aliweka sare ya chama cha akina mama. Nikamwuliza ataivaa kwenye mkutano gani, akaitoa, akaipapasa, akairudisha.

Tukaenda Migori mjini kutafuta koti. Tulichambua marundo ya mitumba mpaka vidole vikauma, na mwishowe Nyasuguta, mama mmoja Mkisii anayeuza nguo za baridi, akatoa koti zito lenye bitana nene, vifungo vyote vipo, halijachakaa popote. Lilimkaa Caren kana kwamba fundi alimpima. Ila lilikuwa buluu, ile buluu iliyokolea.

"Uko na rangi ingine?" Caren akauliza.

"Madam, hii rangi iko na shida gani? Hii ni ya maofisa."

"Mbung'o."

Nyasuguta alinitazama mimi ili nimtafsirie.

"Nyieka," nikasema, "huko unaenda hakuna mbung'o."

"Najua hakuna. Si mimi ndio naenda kusomea mbung'o?"

"Basi nunua."

"Terry, nikivaa hii naona ni kama nimevaa mtego."

Na hapo katikati ya soko la Migori, koti la watu mwilini, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka. Alifuta macho kwa mkono wa koti. Akasema hajui hata kama koti analinunua la kwenda au la kukaa, maana kila akiweka kitu kimoja kwenye sanduku anahisi anajitoa nyumbani kwake kidogo kidogo. Nililipa koti, nikalitia kwenye mfuko, nikamshika mkono kama mtoto tukaondoka.

Sasa mbegu. Siku hiyo tuliporudi, ndiyo siku nilimwona Mama akitoka chumbani kwa Caren. Alinipita kwa haraka isiyo ya kawaida yake, akasema amekuja kutafuta sindano. Nikaingia kuweka koti. Kiatu kimoja cha Caren, vile vya ngozi alivyonunuliwa kwa safari, kilikuwa kimevimba puani. Ndani nikakuta kifundo cha kitambaa cha leso ya zamani, na ndani ya kifundo mbegu za mahindi, zile nyeupe kubwa ambazo Mama huzichagua mwenyewe na kuzitundika juu ya moshi wa jiko. Nilielewa papo hapo. Kama Caren hawezi kuwa hapa mwezi wa tatu, basi shamba limfuate. Atapanda huko, kwenye udongo wowote, atapiga simu, na mimi nitashika jembe.

Nitakuambia ukweli, niliona ni akili nyingi sana. Nilirudisha kifundo ndani ya kiatu na kufunga mlango.

Caren alikipata kesho yake. Aliniita chumbani.

"Ni Mama?"

"Mimi sijaona kitu."

"Terry."

"Sawa, ni Mama. Lakini shida iko wapi? Utapanda kwa mkebe. Utaweka kwa dirisha."

"Mbegu haziruhusiwi kuingia nchi ya watu hivyo. Zinaweza beba ugonjwa."

"Si ni punje kidogo tu."

"Hivyo ndivyo kila mtu huniambia!" Alipandisha sauti mpaka Nyamusi akachungulia dirishani. "Kila mtu namsimamisha barabarani ananiambia daktari ni kidogo tu, ni ng'ombe moja tu, ni nyama ya wageni tu. Na mimi nawarudisha. Nimewarudisha watu wazima wakilia. Nilimrudisha Oliver! Sasa mimi nipite kwa airport na mahindi ndani ya kiatu?"

Alizitoa, akazirudisha jikoni kwa Mama wakati Mama yuko kisimani, akazitundika palepale juu ya moshi. Hakusema kitu. Mama naye alivyoziona hakusema kitu. Kesho yake zilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Caren akazitoa. Zikaingia kwenye mkebe wa chai, katikati ya majani. Akazitoa. Zikaingia ndani ya soksi. Wanawake wawili waliokula sahani moja kila jioni, wanaombeana usiku mwema, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kulisema. Mimi ndiye nilijua yote. Nilitamani kuwafungia wote wawili kwenye zizi mpaka waongee.

Siku ya kuondoka ilifika sanduku bado wazi. Gari la kumpeleka Kisumu lilikuwa limeshaegeshwa langoni, dereva anakula viazi vyangu. Oliver akatundika ile mizani yake ya kupimia magunia kwenye boriti ya zizi, tukapandisha sanduku, likaning'inia pale ng'ombe wakilinusa. Lilikuwa zito kupita kiasi. Likashushwa, likafunguliwa juu ya gunia mbele ya watu wote, na Caren akaanza kutoa. Unga ukatoka. Sare ya chama ikatoka. Alipovuta mfuko wa omena, kifundo cha leso kikaanguka nao, kikafunguka, mbegu zikatawanyika kwenye vumbi karibu na miguu ya Mama.

Kuku walizikimbilia. Hakuna mtu aliyewafukuza.

Caren alipiga magoti akaziokota. Alikuwa amevaa lile koti la buluu, jua la asubuhi ndiyo kwanza linapanda, jasho linamtoka.

"Mama," akasema, "siwezi kuzibeba. Nisamehe. Ningekuwa mtu mwingine ningebeba."

"Najua huwezi," Mama akasema. "Nilijua toka siku ya kwanza. Nilikuwa naweka tu."

"Basi siendi."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, lakini sote tulisikia. Oliver aliachilia kamba ya mizani. "Caren," akasema, "usiseme hivyo." Akasema hivyo mara mbili. Elvis akakohoa kwamba gari inangoja. Nyamusi alimshika mama yake koti kwa nyuma. Nami nilisimama pale nikijua kwamba nikifungua mdomo niseme "nenda, mimi nitangoja mwaka mzima, tutanunua unga," nitakuwa nimesema uongo, kwa sababu watoto wangu ni wale, wanaonekana, na njaa haingojei mtu arudi kutoka Uskoti. Nilimpenda na nilimkasirikia, na sikujua nianze na kipi.

Mama alinyoosha mkono. Caren akampa mbegu. Mama akageuka akaenda nyumbani kwake polepole, akaingia, na tukadhani amekwenda kulia asionekane. Kumbe anavaa gambuti. Alitoka na jembe begani na kile kibuyu chake cha mbegu, akatupita bila kutuangalia, akashika njia ya shamba.

Tukamfuata, tungefanya nini? Shamba lilikuwa jeupe kwa ukavu. Mabua ya mavuno yalikuwa bado yamelala. Mama alisimama kwenye kipande chake, akapiga jembe, likagonga na kuruka kama limegonga bati. Akapiga tena. Akapata shimo dogo, akainama, akatia punje, akafukia kwa mguu. Shimo la pili. La tatu. Vumbi lilimfikia kiunoni.

"Mama, unafanya nini?" Elvis akauliza. "Mvua iko wapi?"

Mama aliegemea jembe akavuta pumzi.

"Msimu inafunguliwa na nani hapa kwa hii boma?"

"Ni wewe, Mama."

"Si na mvua?"

"Ni wewe."

"Basi nimefungua ya mwaka ujao. Kuna mtu ako na swali?"

Hata ng'ombe hawakuwa na swali. Miezi yote ile tulikuwa tumezunguka kama vipofu, tunamhangaikia Caren, gauni la Caren, mbegu za Caren, wakati foleni ina mwanzo wake, na mwanzo wake ndio huyu hapa amevaa gambuti. Alikuwa na uwezo wa kuifungua siku yoyote. Ila nadhani hata yeye hakuwa amelijua hilo mpaka aliposikia "basi siendi". Mwanamke huyu alilia siku ile Caren alipopanda alfajiri moja mapema. Leo yeye mwenyewe alikuwa ameutangulia msimu kwa nusu mwaka.

Akamnyooshea Caren jembe, akamwita kwa Kijaluo binti wa Ukuria.

"Nyar Kuria. Kuja upande."

Caren alivua viatu vyake vya safari akaviacha kwenye njia. Aliingia kwenye kipande chake, koti la buluu na yote, akapanda mstari mmoja. Ulinyooka, maana hajui kupanda mstari uliopinda. Mama alisimama nyuma yake na tawi akimpungia mgongoni kufukuza mbung'o, ingawa hapakuwa na mbung'o hata mmoja, na nyuma ya Mama walikuja kuku wakifukua kila punje na kuila. Tuliwaona. Tuliwaacha wale. Caren alikuwa analia akipanda, na mimi nililia bila aibu, na Oliver alijifanya anatafuta ufunguo kwenye mfuko wa shati usio na ufunguo.

Alipomaliza mstari, damu ilinipanda. Nikachukua jembe mkononi mwa Caren. Zamu yangu ilikuwa imefika.

"Wewe rudisha hiyo," Mama akasema.

"Kwa nini, Mama? Si mimi ndio nafuata?"

"Wewe ngoja mvua, nyar Rongo. Wewe unaenda wapi?"

Hapo ndipo tulicheka, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya mboga. Caren alinawa miguu kwa maji ya ng'ombe. Sanduku lilifungwa na Oliver kwa goti, na lilikuwa na nguo chache, vitabu, na ile omena, ambayo Caren alisema ataitaja mwenyewe kwa maofisa wa uwanja wa ndege kabla hawajaisikia harufu. Alinikabidhi Nyamusi. Kifundo cha leso, kitupu, alikifunga kwenye mkono wa sanduku ili alitambue kati ya masanduku ya watu.

Mvua ya mwezi wa tatu ilikuja na mawe. Asubuhi yake udongo ulikuwa mweusi na laini, na mimi nilikuwa huru. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakukuwa na mtu wa kumngoja. Mama alikuwa ameshafungua, Caren ameshapanda, kila kitu kilikuwa sawa. Nikafunga mbegu kiunoni, nikashika jembe, nikafika kwenye ukingo wa kipande changu, nikasimama.

Sikuweza kuanza. Nilikitazama kile kipande cha kulia, kimejaa magugu, na nikamkumbuka Caren kwa uchungu. Nyamusi alikuwa nyuma yangu amebeba ungo. Akaniuliza tunangoja nini. Nikamwambia sijui. Nikatoa simu, nikamrekodia Caren sauti, nikitumaini ameamka huko.

"Nyieka, mvua imenyesha. Nimesimama hapa na jembe. Nianze?"

Jibu lilikuja kabla sijairudisha simu mfukoni. Nyuma ya sauti yake nilisikia upepo mkali, na meno yakigongana kwa baridi hata ndani ya lile koti.

"Terry, mwezi ya tatu yote hii bado hujapanda? Kwani ulikuwa unangoja nani? Mimi nilimaliza Septemba."